Meli imeungua, wakala anataka milioni tano: nilipe au natapeliwa?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usinichoke, barua yangu ni ndefu kidogo. Nina fremu Mbagala, nauza vyombo vya jikoni na vifaa vidogo vya umeme. Dukani wateja ni wa kuhesabu. Mauzo yangu yako Instagram na kwenye grupu la WhatsApp lenye watu mia mbili na kitu. Nafanya kwa oda. Naposti picha, mteja analipia, oda zikitosha naagiza 1688, ule mtandao wa jumla wa Wachina, wauzaji wanapeleka kwenye godauni la wakala kule Guangzhou, naye anachanganya mizigo ya watu kwenye kontena moja na kutuletea kwa bei ya CBM, yaani kwa mita za ujazo. Mwaka wa nne huu. Nilianza na miiko ya kupakulia dazeni tano, na kila safari nilikuwa naongeza kidogo.

Mzigo wa safari hii ni CBM 4. Kuna mashine za kukaangia, blenda, seti za sufuria, vyombo vya plastiki vya kuhifadhia chakula, na pawabenki 60 ambazo wakala alisema tuziandike vyombo vya jikoni kama vile vingine ili zisitozwe bei ya mzigo wa betri. Ukijumlisha ankara zote ni shilingi 14,200,000. Kati ya hizo, 9,600,000 ni hela za wateja 47. Iliyobaki ni akiba yangu pamoja na mkopo wa kikoba.

Tuliambiwa siku 35 mpaka 45. Ilipofika siku ya 50 nikamuuliza wakala, akanijibu ni vita ya Bahari ya Shamu, meli zote zimechelewa. Nikavumilia. Siku ya 70 akatutumia ujumbe wa sauti kwamba meli ilishika moto njiani, moto ukazimwa, meli ikavutwa hadi bandari ya nchi nyingine, na sasa mwenye meli anataka kila mwenye mzigo achangie. Akaambatanisha barua ya Kiingereza yenye kurasa mbili. Juu imeandikwa General Average. Nikatafsiri kwenye simu, ikaniletea "wastani wa jumla". Hapo ndipo nikachanganyikiwa kabisa.

Wakala anasema mchango ni asilimia 35 ya thamani ya mzigo, maana yake kwangu ni shilingi 4,970,000. Anataka tutume ndani ya siku saba kwenye namba yake ya simu, na asiyetuma mzigo wake utabaki huko huko. Nilipomuuliza habari ya bima alijibu, "Dada, bima ipo ndani ya CBM," halafu akanyamaza. Mume wangu anasema tukope tulipe tuokoe mtaji. Kaka yangu anasema ni wizi mtupu: mtu akuunguzie mzigo halafu akudai wewe?

Kinachoninyima usingizi hasa ni wateja. Wiki ya nne sasa nawaambia mzigo uko bandarini, tunasubiri kutolewa. Kuna mama mmoja wa chipsi amelipia mashine ya kukaangia yenye vikapu viwili, shilingi 420,000, hela aliyoipata kwenye mgao wa kikoba chao. Anapita hapa kila siku saa kumi jioni akienda kibandani kwake. Hanidai. Ananisalimia tu, halafu anaangalia maboksi yaliyopangwa nyuma yangu.

Shangazi, hii kitu ipo kweli? Nilipe, au niuache mzigo? Na watu wangu niwaambie nini?

Dada wa Vyombo, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilisimama kwenye mstari mmoja ambao wewe uliupita haraka. Nitaurudia huko chini. Kwanza nijibu ulichouliza: mchango huo upo, na ni wa sheria. Namba ya simu uliyopewa ya kulipia, hiyo ndiyo siiamini. Hayo ni mambo mawili, na mumeo na kaka yako wanagombana kwa sababu kila mmoja ameshika moja.

Simu yako imekupoteza. Neno average kwa watu wa meli halina uhusiano na wastani wa darasani. Wanaofuatilia asili ya maneno wanalirudisha kwenye Kiarabu, awar, yaani kasoro au uharibifu wa bidhaa, likapita kwa wafanyabiashara wa Italia wakaliita avaria, ndipo likafika Uingereza. Mimi kwa Kiswahili naliita hasara ya wote.

Jambo lenyewe ni la zamani kuliko kontena, kuliko hata injini. Umesoma habari za Yona: dhoruba ilipopiga, mabaharia walitupa shehena baharini ili chombo kiwe chepesi, hiyo iko sura ya kwanza, mstari wa 5. Sasa jiulize, iliyotupwa ilikuwa ya nani? Mwenye magunia yaliyokuwa juu ndiye aliyetupiwa mali yake kwanza, na mwenye magunia yaliyokuwa chini akafika salama. Ni haki huyu wa juu aumie peke yake, wakati mali yake ndiyo iliyonunua usalama wa wote? Watu wa Rodo, kisiwa cha Wagiriki, walikata shauri kwamba si haki, Warumi wakaiingiza kanuni hiyo katika sheria yao: kilichotolewa kwa ajili ya wote kifidiwe kwa mchango wa wote. Leo inaendeshwa kwa kanuni zinazoitwa za York na Antwerp, za tangu karne ya 19, toleo lililo jipya ni la 2016, na karibu kila mkataba wa kubeba kontena duniani unazitaja. Ulipouweka mzigo wako kwenye ile meli, uliingia kwenye ubia na kila mwenye mzigo humo, na mwenye meli pia, ambaye naye anachangia kwa thamani ya meli yake. Wakala hakukwambia, lakini ndivyo ilivyo.

Kwa hiyo kaka yako anaposema "mtu akuunguzie mzigo halafu akudai," mweleze kwamba mchango si wa kulipia moto. Unalipia kilichofanyika kwa makusudi ili kuokoa: tagi zilizokuja kuvuta, gharama za kuingia bandari ya dharura, na bidhaa zilizoharibiwa na maji ya kuzimia. Kilichoungua kwa moto wenyewe, au kuharibika kwa joto na moshi, hakiingii humo. Mwenyewe anabaki na hasara yake au bima yake. Ila kama uchunguzi utakuja kuonyesha kwamba moto ulitokana na kosa la mwenye meli, sheria inaacha nafasi ya kumdai. Hayo ni ya baadaye, na ya wanasheria.

Na hiyo asilimia 35 peke yake isikushtue. Machi 2018 meli inayoitwa Maersk Honam iliungua katika Bahari ya Arabu ikiwa safarini kutoka Singapore kuelekea Suez. Mabaharia watano walikufa, na nawataja kwanza kwa sababu kwenye habari za mizigo huwa tunawasahau. Wenye mizigo iliyosalimika walitakiwa kuweka dhamana ya asilimia 54 ya thamani ya bidhaa zao: 42.5 kwa ajili ya waokoaji, 11.5 kwa hasara ya wote. Zaidi ya nusu. Ever Given, ile iliyokwama Suez Machi 2021 kwa siku sita, haikuungua wala kuzama, na bado mwenye meli alitangaza hasara ya wote, na meli ikazuiliwa Misri hadi Julai na makontena yake kama elfu 18. Walikuwemo watu wa aina yako mle, wenye duka la mtandaoni na wateja waliokwisha kulipa.

Sasa tuje kwenye namba ya simu.

Hasara ya wote inapotangazwa, mwenye meli anamteua mkadiriaji, kampuni inayojua hesabu hizi. Mkadiriaji ndiye anayepanga kiwango cha dhamana, ndiye anayepokea fomu, na amana za fedha taslimu zinawekwa kwenye akaunti maalumu ya benki iliyofunguliwa kwa ajili ya shauri hilo. Jina lake na anwani yake viko kwenye zile kurasa mbili ulizotumiwa, vitafute. Hakuna mkadiriaji wa meli anayepokea amana kwenye simu ya mtu binafsi wa Kariakoo. Inawezekana wakala wako anakusanya kwa nia njema ili aipeleke kwa mkupuo. Inawezekana pia moto ni wa kweli, barua ni ya kweli, asilimia ni 20, na yeye ameongeza 15 zake. Sijui la moyoni mwake, na wewe usikisie. Mwombe karatasi.

Mwombe jina la meli na namba yake ya IMO, ile ya tarakimu saba ambayo haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina. Mwombe namba ya kontena, herufi nne ambazo ya mwisho ni U, zikifuatwa na tarakimu saba. Mwombe nakala ya hati kuu ya shehena, ile wanayoiita BL. Ukiwa na namba ya kontena unaweza kuingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni ya meli ukaona lilipo. Tangazo la hasara ya wote nalo kampuni za meli huliweka wazi kwa wateja wao. Halafu mwandikie mkadiriaji barua pepe moja fupi kwa Kiingereza cha kawaida: mzigo wangu uko ndani ya kontena namba fulani, umebebwa kwa jina la wakala fulani, naomba uthibitisho wa kiwango cha dhamana na akaunti ya kulipia. Mwambie mtoto wa jirani anayesoma chuo akusaidie. Kazi ya nusu saa, na itakwambia zaidi ya siku saba za kubishana kwenye grupu.

Kuna kitu cha kuangalia hapo. Kwenye BL kuu jina lako halimo. Limo la wakala. Wewe una risiti yake ya CBM 4 na alama ya rangi iliyopuliziwa kwenye maboksi. Kwa hiyo hata ukilipa kihalali, risiti ya amana ikiandikwa jina lake, pesa itakayorudi itarudi kwake. Na inaweza kurudi, maana hii ni amana, hesabu ya mwisho bado. Mkadiriaji anachukua miaka kufunga mahesabu, kisha iliyozidi inarejeshwa kwa mwenye risiti halisi. Nimeona watu wanatupa risiti hizo pamoja na mabaki ya karatasi za forodha kwa sababu mzigo umeshatoka na maisha yameendelea. Dai risiti yenye jina lako. Ikishindikana, dai andiko la wakala, lenye sahihi na shahidi, kwamba shilingi kadhaa katika amana ile ni zako.

Jambo lingine: kontena la mchanganyiko haliachiwi kipande kipande. Futi 40 lina nafasi ya CBM 60 na kitu, kwa hiyo wewe na CBM 4 zako mna wenzenu labda kumi na watano, labda zaidi. Mmoja asipoweka dhamana, wote mnasubiri. Kwa hiyo tisho la "asiyetuma wake utabaki" si sahihi. Asiyetuma anawabakiza wote. Watafuteni wenzenu, mkae mahali pamoja, mmtake wakala aje na BL mkononi. Mkiwa pamoja mnaweza kumwomba mkadiriaji apokee dhamana moja ya kontena zima. Kama wakala anakwepa kikao hicho, TASAC ndiyo inayosimamia mawakala wa meli na wanaokusanya na kugawa mizigo. Nendeni mkaulize kama ana leseni.

Kabla hujatuma senti, uliza pia mzigo uko katika hali gani. Meli ikishafikishwa bandari ya dharura, wakaguzi wanapita na kuandika kontena lipi liko zima, lipi limeingiwa maji, lipi limeteketea. Kilichoteketea kabisa hakichangii, kwa sababu hakuna thamani iliyookolewa. Kukopa milioni tano leo kwa ajili ya sufuria ambazo pengine zimeyeyuka ni kujiongezea maumivu. Lakini kama kontena lenu ni zima, basi mumeo ana hoja: milioni 4.97 za amana, ambazo sehemu yake inaweza kurudi, dhidi ya mali ya milioni 14.2. Kuuacha mzigo hapo ni kumwachia mwenye meli auze ajilipe, na wateja wako 47 wabaki na wewe. Ila usikope kwenye programu za simu. Riba yake itakula mzigo kabla haujafika Dar es Salaam.

Umeuliza kidogo tu kuhusu bima, na jibu la "ipo ndani ya CBM" limenikera. Mara nyingi maneno hayo maana yake ni ahadi ya wakala mwenyewe, kwamba boksi likipotea nitakulipa kiasi fulani kwa CBM. Hiyo haina uzito wowote mbele ya mkadiriaji. Bima ya kweli ya mzigo ina hati, ina namba, ina kampuni iliyosajiliwa, na TIRA, wasimamizi wa bima nchini, wanaweza kukuthibitishia. Duniani kote zinatumika ngazi tatu, A, B na C, na hata C, ya bei ya chini kabisa, inabeba moto, inabeba kutoswa kwa shehena, na inabeba mchango wa hasara ya wote pamoja na malipo ya waokoaji. Ungekuwa na hati hiyo, bima ingeandika barua ya dhamana na wewe usingetoa hata shilingi taslimu. Kwa hiyo mwulize wakala swali moja: nipe namba ya hati. Akikupa, pengine tatizo lako limepungua nusu leo leo. Asipokupa, safari ijayo kata bima mwenyewe kabla meli haijang'oa nanga. Ujue tu kwamba hakuna ngazi hata moja inayolipia kuchelewa, na vita inatengwa, hukatiwa nyongeza yake.

Na hapo nikuguse kuhusu Bahari ya Shamu. Meli ya Guangzhou kuja Dar inatoka Bahari ya China Kusini, inapita Mlango wa Malaka, inakata Bahari ya Hindi. Haiuoni Bab el Mandeb, ule mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Tangu Wahouthi walipoanza kushambulia meli mwishoni mwa 2023, kampuni kubwa zilizokuwa zikienda Ulaya kwa Suez zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku kumi hadi kumi na nne zaidi kwa safari. Safari ikirefuka inataka meli nyingi zaidi na makontena mengi zaidi kwa kazi ile ile. Zilitolewa njia nyingine, nauli zikapanda, na mwaka 2024 bandari ya Singapore, ambako mizigo mingi hushushwa na kupakiwa upya, ikajaa foleni. Kwa hiyo wakala hakudanganya kabisa kusema vita inaweza kuchelewesha mzigo wa Mbagala. Lakini alikupa sababu ya dunia nzima pale ulipohitaji habari ya meli moja, na wewe huenda ulipoteza wiki tatu ambazo ungekuwa unatafuta jina la mkadiriaji.

Sasa ule mstari. Pawabenki 60, zimeandikwa vyombo vya jikoni.

Mwanangu, sisemi moto ulitoka kwenye maboksi yako. Meli ina maelfu ya makontena. Lakini betri za lithiamu ni mzigo hatari, daraja la 9 katika kanuni za kimataifa za kubeba bidhaa hatari baharini, na bei ile uliyoikwepa ndiyo inayomfanya mpangaji wa meli ajue kontena hilo aliweke wapi, mbali na joto na mahali mabaharia wanaweza kulifikia. Ikiandikwa sufuria, linapangwa popote. Likiwaka, vijana wanaotumwa kuzima wanadhani wanakwenda kuzima plastiki na mabati. Moto wa lithiamu unajiwasha tena ukidhani umekwisha. Unajua sasa kwa nini niliwataja wale watano.

Kanuni nazo ni kali hapa. Mzigo ulioandikwa kwa makusudi sivyo ulivyo haufidiwi kwenye hasara ya wote hata ukiharibiwa na maji ya kuzimia, na ukiokoka bado unachangia kama kawaida. Ni vivyo hivyo kwa walioshusha bei kwenye ankara ili kupunguza ushuru: wanafidiwa kwa bei ndogo waliyoiandika, wanachangia kwa thamani halisi. Na kampuni ya bima inaweza kukukatalia.

Fomu ya mkadiriaji itakutaka uorodheshe bidhaa na uambatanishe ankara. Utashawishika kuzificha pawabenki mara ya pili, na wakala atakushauri hivyo. Usifanye. Mara ya kwanza uliambiwa na mtu unayemwamini na hukujua uzito wake. Mara ya pili utakuwa unajua, na utakuwa umetia sahihi yako. Kabla ya kujaza, tafuta mwanasheria wa mambo ya bahari, hata kwa mashauriano ya saa moja. Mkichangishana wenzako wote wa kontena gharama itakuwa ndogo. Mwambie yote, na jumbe za wakala alizokuandikia kuhusu bei ya betri zihifadhi, usizifute. Zinaonyesha nani aliyeshauri.

Wateja nimewaacha mwisho kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi kuieleza na ngumu kuifanya. Waandikie leo. Usisubiri jibu la mkadiriaji. Waambie meli ilipata moto, mzigo umezuiliwa bandari ya nchi nyingine, hujui bado kama bidhaa zao ni nzima, na kwamba uliposema mzigo uko bandarini hukusema kweli. Hilo la mwisho litakuuma kuliko yote. Liandike hivyo hivyo. Usitume ujumbe wa sauti wa kulialia. Andika, ili wabaki nayo. Wape njia mbili: anayesubiri, utampa taarifa kila Ijumaa hata kama hakuna jipya; anayetaka hela yake, mpangie tarehe na kiasi unachoweza kweli. Kati ya milioni 14.2, milioni 4.6 ni zako na kikoba. Zako ndizo zitangulie kuumia. Hao 47 hawakuingia ubia na meli yoyote, walinunua kwako. Uza ulichonacho dukani kwa bei ya mtaji kama inabidi. Simamisha oda mpya mpaka hili liishe, hata kama kuna mtu anakutumia hela bila kuulizwa. Oda mpya ya kulipia oda ya zamani imewafungia watu maduka, na wengine imewafikisha polisi.

Anza na wale waliolipia kitu cha kazi, kwa sababu kuchelewa kwao kuna gharama ya kila siku. Yule mama kila jioni anakaanga kwa karai moja wakati hela ya vikapu viwili imelala kwako. Tafuta Kariakoo kama ipo mashine ya kuazima au ya mtumba umpe atumie kwa sasa; ukikosa, anza kumrejeshea kidogo kidogo. Yeye usimpelekee ujumbe. Anapita saa kumi. Akikusalimia leo, mkaribishe kwenye kiti, mwonyeshe ile barua ya kurasa mbili, na umweleze iko wapi mashine yake.